Mkasi wa Bogumiła

Alilichapa jedwali langu kwenye karatasi,
safuwima themanini na nne,
akalibandika ukutani kuanzia kwenye ndoano za makoti.
Likapita dirishani, likapita juu ya kipasha-joto,
likaruka mlango, likatokea ukumbini,
na bado halikuisha.
"Nani mzazi wa nyoka huyu?"
Nikainua kidole. Nje, theluji ya majimaji
ilikuwa ikiiangukia Łódź,
na kiwanda hiki cha zamani cha pamba
ambamo siku hizi tunafuma programu.

Nilikuwa nimelipenda, sitaficha.
Kila kitu mahali pamoja: mgonjwa, daktari, dawa,
mtaa, simu, jina la mume, siku ya miadi.
Swali moja, jibu moja. Nani ataka zaidi?

Bogumiła alisoma kisanduku kimoja kwa sauti:
simu mbili, zimetenganishwa kwa mkato,
na ya tatu kwenye mabano, "ya jirani, usipige usiku."
Akatutazama juu ya miwani.
Mafahali wawili hawakai zizi moja, alisema,
nanyi mmewatia watatu, na mmoja si wenu.

Kisha akamtafuta Bi. Teofila Kłos.
Tulimkuta mara tisa.
Alihama mwezi Machi. Kuna mtu alibadilisha anwani
kwenye mistari minane, simu ikalia, akainuka.
Mstari wa tisa ukabaki na ukweli wake wa zamani,
ukaendelea kupeleka barua za insulini
kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa.
"Jambo moja huandikwa mara moja.
Ukiliandika mara tisa umeajiri mashahidi tisa,
na siku moja watapishana kizimbani."

Ziemowit alibisha. Ziemowit hubisha hata na saa.
Kuunganisha majedwali kunaichosha mashine, alisema,
mashine yetu kongwe, wagonjwa wanangoja.
Hakumkatalia. "Huenda.
Siku utakayopima ukaona ni kweli, rudufu,
na uandike kwa nini umerudufu.
Lakini hujapima. Umechoka tu mapema."

Akatugawia mikasi.
Nilimkata nyoka wangu kwa mkono wangu.
Mgonjwa kando, daktari kando, dawa kando,
jedwali la miadi katikati, jembamba,
limewashika wengine mikono.
Jina la mji tuliliacha kwa mgonjwa;
Dobrawa akalibandua: mji waufuata msimbo wa posta,
msimbo ndio umfuatao mgonjwa,
na rafiki wa rafiki si mgeni wako.
Kila neno likarudi kwenye ngeli yake.
Kabatini kulikuwa na kidonge cha uzi mwekundu
kilichosahauliwa tangu enzi za mitambo.
Tukaufunga ufunguo kwa ufunguo, ukuta kwa ukuta,
mpaka mfagizi akakataa kuingia.

Kilichonikaba koo ni kipande kidogo.
Daktari Halszka Pruszyńska, wa masikio.
Mwaka jana alipougua, miadi yake ya mwisho ilifutwa,
na kwa kuwa aliishi ndani ya miadi,
akafutika nayo. Hakuna aliyekusudia.
Aliporudi kazini mfumo haukumjua;
alisimama mapokezi, kitambulisho mkononi,
akiulizwa jina lake herufi kwa herufi.
Mfumo ule niliutunga mimi.

Bogumiła aliliandika jina hilo
kwenye karatasi yake lenyewe, kwa wino.
Hana mgonjwa, hana saa, hana chumba.
Yupo.

Tulisimama pale, nyuzi zikitukwaruza shingo.
Kisha akauliza nani amechukua mkasi wake mweusi,
na akasema hatoki mtu mpaka urudi.